Karva Chauth: Kwa nini mke wa Kihindu hufunga kwa ajili ya mumewe, na kwa nini wengi wao hawafungi

Kila Oktoba picha ni zilezile. Mwanamke aliyevaa sari nyekundu, hina imempanda hadi viwikoni, ameinua chekeche la unga mbele ya uso wake. Anautazama mwezi kupitia matundu yake, kisha anamgeukia mumewe na kumtazama kwa chekeche hilohilo. Mume anamnywesha maji, jamaa wanapiga makofi. Picha hizo huingia kwenye simu zetu zikiwa na maelezo ya kila namna: eti Wahindi huwaabudu waume zao, eti mke asipofunga mume atakufa, eti ni amri ya dini na anayeikaidi hurudishwa kwao. Na kwa kuwa tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili zinatukuta sebuleni kila jioni, wengi wetu tunajihesabu kuwa wajuzi wa mambo hayo.

Mfungo wenyewe upo, na mamilioni ya wanawake huushika. Ila ni mfungo wa sehemu fulani za India, na hata huko haukai kama tunavyousimulia.

Tuweke majina sawa kwanza. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India au nchi zinazoizunguka, na anaweza kuwa Mwislamu wa Kibohora au wa Kiismailia, Mgoa Mkatoliki, Kalasinga, Mjaini au Mhindu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Hapa tunawazungumzia Wahindu tu, tena baadhi yao.

Mfungo wa aina hii huitwa vrat, na neno letu linaloukaribia zaidi ni nadhiri. Mtu anajiwekea ahadi mbele ya mungu fulani kwamba siku fulani, kwa nia fulani, atajinyima kitu fulani. Mara nyingi kitu hicho ni chakula, lakini viwango vinatofautiana sana. Kuna wanaoacha nafaka na kunde wakala matunda, maziwa na viazi. Kuna wanaokula mlo mmoja tu. Kuna wanaoacha chumvi. Na kuna mfungo mkavu, nirjala, ambao hata maji hayapiti kooni. Kwa hiyo rafiki yako wa Kihindu akikwambia amefunga huku anamenya ndizi, hakudanganyi.

Karva Chauth ni ya kundi hilo la mwisho. Karva ni chungu kidogo cha udongo chenye mdomo kama wa birika, kinachotumika katika ibada ya siku hiyo. Chauth ni ya nne, maana yake siku ya nne baada ya mwezi mpevu. Huangukia Oktoba au siku za kwanza za Novemba, siku 10 au 11 kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Kalenda ya Kihindu hufuata mwezi kama ile ya Kiislamu, lakini kila baada ya miaka mitatu hivi huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira ya jua. Ndiyo sababu Ramadhani huuzunguka mwaka wote, wakati Karva Chauth hurukaruka ndani ya wiki chache tu: mwaka 2022 ilikuwa Oktoba 13, mwaka 2023 ikasogea hadi Novemba 1, mwaka 2024 ikarudi Oktoba 20, na mwaka 2025 ikawa Oktoba 10.

Siku nzima, kabla mume hajatokea

Anayeijua Ramadhani ataielewa siku hii haraka, alimradi akumbuke mahali zinapoachana. Kabla ya alfajiri kuna daku. Wapunjabi huliita sargi, na jambo la kulitazama ni mahali linapotoka: huletwa na mama mkwe. Yeye ndiye anayemwandalia mke wa mwanawe sinia la matunda, nazi, vitu vitamu, tambi nyembamba za kupikwa na maziwa, pengine na nguo au bangili juu yake. Bibi harusi wa mwaka wa kwanza hulisubiri sinia hilo kwa hamu na kwa wasiwasi pia, maana litasimuliwa. Jioni zawadi inarudi upande wa pili: mkwe humpelekea mama mkwe sinia lake, akamgusa miguu na kupewa dua.

Jua likichomoza, kinywa kinafungwa. Hapo zamani siku hiyo mwanamke hakutakiwa kushona wala kufanya kazi ngumu za nyumbani, na wapo wanaoshikilia hilo hadi leo. Kwa wengine ni siku ya kazi kama nyingine, anaingia ofisini asubuhi na kutoka jioni bila kunywa hata maji. Hina hupakwa tangu jana yake. Katika masoko ya Delhi wapaka hina hupanga viti vidogo pembezoni mwa barabara na wateja hukaa foleni hadi usiku.

Alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika, wengi wakiwa wametoa tena sari au nguo zao za harusi. Huketi duara, kila mmoja na sinia lake lenye taa, chungu na vitamu, na mmoja wao, mara nyingi bibi mtu mzima, husimulia kisa cha siku hiyo. Wapunjabi huzungusha masinia hayo mkono kwa mkono huku wakiimba, mara saba, hadi kila sinia limerudi kwa mwenyewe.

Baada ya hapo ni kungoja mwezi. Hapa ndipo panapoachana na Ramadhani. Mwislamu hufuturu jua likizama. Hawa jua likizama bado wana saa kadhaa mbele yao, kwa sababu mwezi wa siku ya nne baada ya kupevuka huchelewa kuchomoza. Delhi huonekana mnamo saa mbili usiku. Nairobi na Dar es Salaam, karibu na ikweta, mwezi huohuo hutokeza baada ya saa tatu, kwa hiyo Mpunjabi wa kwetu hufunga kwa muda mrefu kuliko binamu yake wa India. Na kukiwa na mawingu ya vuli, familia nzima huhamia juu ya paa la ghorofa, shingo zimenyooka upande wa mashariki, watoto wakipiga kelele kila wakiona taa ya mnara wa simu.

Mwezi ukionekana, mke huumwagia maji kama sadaka, anautazama kwa chekeche, anamtazama mume, na mume anampa maji na kipande cha kitu kitamu. Picha tunayoijua ni hiyo. Ni dakika tano za mwisho za siku ya saa kumi na tano au zaidi, na kabla ya dakika hizo mume hakuwa na kazi yoyote. Siku nzima ilikuwa ya wanawake kwa wanawake: mama mkwe na mkwe, mawifi, jirani na jirani. Wapo hata wanaosema asili yake ni hapo. Zamani msichana aliolewa mbali na kwao akiwa bado mdogo, na siku hiyo alipewa rafiki wa kiapo katika kijiji cha ukweni, mtu wa kumkimbilia mambo yakiwa magumu. Wengine husema ilianza na wake wa askari waliokuwa vitani. Wengine huitazama ile karva na kusema ni sikukuu ya msimu wa kupanda ngano, maana vyungu vya kuhifadhia nafaka navyo viliitwa hivyo. Mimi hadithi ya rafiki wa kiapo ndiyo inayonivuta, kwa kuwa inaeleza kwa nini karibu kila kitu cha siku hiyo hupitia mikononi mwa wanawake wengine.

Visa vinavyosimuliwa

Kisa kinachosomwa sana ni cha Veeravati, dada pekee wa kaka saba. Alifunga Karva Chauth yake ya kwanza akiwa nyumbani kwao. Jioni akawa hoi kwa njaa na kiu, na kaka zake wasiweze kumtazama. Wakawasha moto nyuma ya mti na kumwambia: dada, tazama, mwezi umetoka. Akala. Mara ikaja habari kwamba mumewe amekufa. Wengine husimulia kuwa aliugua kwa kuchomwa na sindano nyingi mwilini. Ilimlazimu Veeravati kufunga upya kwa uaminifu hadi mumewe akarudishiwa uhai.

Ile imani kwamba mke akivunja mfungo mume hufa imetoka hapa, na hakuna sababu ya kuificha: kisa hiki kinatia hofu, na kinasimuliwa kwa mwanamke mwenye njaa saa chache kabla hajaruhusiwa kula. Wahindu wengi hukichukulia kama ngano ya mafunzo, kama sisi tunavyozichukua zetu. Lakini wapo pia wanawake wanaokiri kwamba hawaamini neno hata moja, na bado hawathubutu kunywa maji, kwa sababu mume akipata ajali wiki ijayo nani atawanyamazisha ndugu zake?

Visa vingine vina mwanamke wa namna tofauti kabisa. Kuna mwanamke aitwaye Karva, kama kile chungu, ambaye mumewe alikamatwa na mamba mtoni. Alimfunga mamba yule kwa uzi wa pamba, akamwendea Yama, mungu wa mauti, na kumtaka ampeleke mamba kuzimu. Yama aliposita, akatishia kumlaani. Yama akatii.

Na kuna Savitri, mkubwa wa wote, ambaye kisa chake kimo ndani ya Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu. Savitri alijichagulia mume, Satyavan, mtoto wa mfalme kipofu aliyepoteza ufalme na kuishi msituni. Akaambiwa wazi kwamba kijana huyo amebakiza mwaka mmoja wa kuishi. Akasema nimeshachagua. Siku zilipokaribia alifunga siku tatu, na Yama alipokuja kuichukua roho ya Satyavan, Savitri akamfuata kwa miguu, akizungumza naye kwa hekima. Yama akapendezwa, akamwambia omba lolote isipokuwa uhai wa mumeo. Akaomba macho ya baba mkwe. Akapewa. Akaomba ufalme wake urudi. Akapewa. Akaomba baba yake apate watoto mia. Akapewa. Kisha akaomba yeye mwenyewe apate watoto mia wa Satyavan, na Yama, amechoka kutembea na mwanamke asiyerudi nyuma, akasema haya, chukua. Sasa mtu aliyekufa atazaaje watoto mia? Ikambidi Yama aiachie ile roho.

Ukiyasikia masimulizi haya pamoja, utaona kwa nini mwanamke wa Kihindu anaweza kuudhika akiambiwa kwamba mfungo wake ni alama ya unyonge. Kwake yeye, aliyefunga ndiye mwenye nguvu, na mume ndiye anayeokolewa. Kwamba nguvu hiyo yote inatumika kwa ajili ya mtu mwingine ni hoja ya haki kabisa, na Wahindu wenyewe wanaijadili kwa ukali kuliko sisi.

Nani hufunga, na nani hajawahi

Karva Chauth ni ya kaskazini na magharibi mwa India: Punjab, Haryana, Delhi, Uttar Pradesh, Rajasthan, Himachal Pradesh, Madhya Pradesh. Mwanamke wa Kitamil au wa Kerala anaweza kufikia uzee bila kuifunga hata siku moja, na Uhindu wake haupungui. Filamu za Bombay za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizotengenezwa kwa wingi na watu wenye asili ya Kipunjabi, ndizo zilizouchukua mfungo wa kieneo na kuufanya uonekane kama desturi ya India nzima. Tamthilia zikafuata, wenye maduka ya vito na nguo wakafuata nyuma yao.

Ila nadhiri za wake kwa ajili ya waume ziko sehemu nyingi, kwa majina na masharti mengine. Bihar, Odisha na Maharashtra wake hufunga kwa jina la Savitri, Mei au Juni, na kuuzungushia uzi mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule unaoshusha mizizi kutoka kwenye matawi. Watamil wana siku yao ya Savitri katikati ya Machi: hupika vitumbua vya mchele, huvila na siagi, na kufunga uzi wa manjano shingoni. Kusini pia kuna Varalakshmi, Ijumaa ya Julai au Agosti, ambapo nia hutiwa kwa familia yote pamoja na mume.

Nepal na Bihar kuna Teej, mwezi wa Agosti au Septemba, na hii inastahili tuisimamie kidogo. Ni mfungo mkavu wa mchana na usiku. Kisa chake ni cha mungu wa kike Parvati, ambaye baba yake alikuwa amempangia kuolewa na mungu Vishnu, ilhali yeye alimtaka mungu Shiva. Rafiki yake akamtorosha hadi msituni. Huko Parvati akajifinyangia alama ya Shiva kwa mchanga, akafunga, na Shiva akamkubali. Maana yake mfungo wa kumwombea mume umejengwa juu ya kisa cha binti aliyemkimbia mchumba wa kuchaguliwa. Wanepali hula karamu kubwa usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha asubuhi wanawake wenye sari nyekundu hujaa kwenye hekalu la Pashupatinath jijini Kathmandu, foleni ndefu ajabu. Halafu huimba na kucheza. Na wanaimba nini? Kwa miaka mingi nyimbo za Teej zimekuwa mahali ambapo mke husema asiyoweza kusema siku nyingine: mume mlevi, mama mkwe mkali, ndugu wa kiume waliorithi shamba lote. Baada ya mapinduzi ya kisiasa ya mwaka 1990, baadhi ya nyimbo zikaanza kuwashambulia viongozi na kudai elimu na haki ya urithi. Mtu aliyepiga picha ya mwanamke huyo akiwa amepiga magoti hekaluni na kuandika chini yake kwamba anamwabudu mumewe, angengoja jioni akasikia wimbo.

Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya Wahindu asili yao ni Gujarat na Kutch: Walohana, Wapatel na wengineo. Karva Chauth haikuwa yao. Ililetwa na Wapunjabi, ambao wengi wao waliingia na ujenzi wa reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Ndiyo maana ukiwauliza akina mama wa mitaa ya Kisutu, Dar es Salaam, kuhusu mwezi na chekeche, mmoja atakusimulia kwa furaha na jirani yake atakwambia sisi kwetu hatuna hiyo. Siku hizi hata hivyo baadhi ya familia za Kigujarati zimeiiga kutoka kwenye runinga.

Desturi yao wenyewe ni nyingine, na huanza kabla mume hajapatikana. Ukiwahi kusoma na msichana wa Kigujarati aliyekataa chipsi kantini kwa siku tano mwezi wa Julai bila kueleza sababu, huenda ulikutana nayo. Gauri Vrat ni ya wasichana wadogo, na Jaya Parvati ni ya wasichana wakubwa na wake wapya. Zote mbili ni za siku tano bila chumvi. Mbegu za ngano huoteshwa kwenye kopo na kufanyiwa ibada zikiwa zimechipua, na mfungo wa Jaya Parvati huhitimishwa kwa mkesha wa usiku kucha, ambao kwa wasichana wengi ndiyo raha yenyewe, kwani huruhusiwa kukaa macho na shoga zao hadi asubuhi. Nia ni kupata mume mwema kama Parvati alivyompata Shiva. Kwa aliyeolewa, ni kumwombea aliyempata.

Kalasinga, yaani Masikh, mnawaona ni Wapunjabi na huenda mkadhani nao wamo. Baadhi ya wanawake wa Kisikh hufunga Karva Chauth kwa sababu ya ujirani na ndoa, lakini mafundisho ya Usikh hayakubali kufunga kuwa ibada.

Je, ni amri?

Uhindu hauna papa wala mufti wa kutoa amri kwa wote, na hauna orodha ya nguzo. Veda, maandiko ya kale kabisa ya dini hiyo, hazina Karva Chauth. Nadhiri za namna hii zilishamiri baadaye, katika vitabu vya Purana, na zaidi ya hapo katika masimulizi ya wanawake majumbani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria ambacho wapinzani wa Uhindu hupenda kukinukuu, katika sura ya 5 kinasema mwanamke hana sadaka, nadhiri wala mfungo wake mwenyewe mbali na mumewe. Kumtumikia mume kunamtosha kufika mbinguni. Sehemu hiyohiyo inataka mke amheshimu mume kama mungu, hata akiwa hana sifa njema. Kwa hiyo wazo la mume kama mungu halikuzushwa na watu wa mitandaoni, lipo katika maandiko na katika msemo wa Kihindi wa pati parameshwar, yaani mume ni mungu mkuu. Ila wanawake waliosomewa maneno hayo waliendelea kujiwekea mifungo yao, wakiielekeza kwa Shiva, Parvati, Ganesha na mwezi. Sala ya Karva Chauth huelekezwa kwao hao, na mume ndiye anayeombewa.

Serikali nayo haina sheria juu yake. Mtu mmoja aliwahi kwenda Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana akitaka Karva Chauth ifanywe ya lazima kwa wanawake wote, wakiwemo wajane na waliotalikiwa, na anayewazuia aadhibiwe. Januari 2025 mahakama ililitupa ombi hilo na kumtoza rupia 1,000, ikisema hayo ni mambo ya watunga sheria.

Ombi lilikuwa la ajabu, lakini limegusa donda. Karva Chauth ni ya mke ambaye mumewe yu hai, suhagan, na vyote vya siku hiyo ni alama za hali yake: rangi nyekundu kwenye mstari wa nywele, bangili, hina, sari ya harusi. Mjane hana nafasi katika duara lile. Katika familia nyingi ataketi chumbani, au atatafutiwa kazi ya jikoni, na mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akisimulia kisa. Wakosoaji wa mfungo huu ndani ya India huanzia hapa kuliko kwenye njaa: kwamba siku inayomsifu mwenye mume humwambia asiye naye kwamba amepungukiwa, na kwamba mume akifa mapema mtu atamtazama mkewe kwa jicho la kuuliza. Wengine huuliza kwa nini hakuna siku ambayo waume wa India nzima hukaa na kiu kwa ajili ya wake zao. Waume wanaofunga pamoja na wake zao wapo, hasa mijini, lakini hao hufanya kwa hiari na husifiwa. Mke asiyefunga huulizwa.

Hata picha ya nani anamtazama nani kwenye chekeche ina siasa zake. Oktoba 2021 kampuni ya Dabur ilitoa tangazo la kipodozi likionyesha wanawake wawili wapenzi wakifunguliana Karva Chauth. Waziri wa mambo ya ndani wa Madhya Pradesh akatishia hatua za kisheria, na kampuni ikaliondoa tangazo.

Yako mambo mawili mengine yanayochanganywa, niyapitie haraka. Mfungo huu hauhusiani na sati, ile desturi ya mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, ambayo Waingereza waliipiga marufuku Bengal mwaka 1829 na India huru ikaitungia sheria kali baada ya kisa cha mjane kijana aliyechomwa Deorala, Rajasthan, mwaka 1987. Na wala kufunga si kazi ya wanawake peke yao katika Uhindu. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, Ekadashi, hufungwa na wanaume na wanawake. Narendra Modi alipokwenda Marekani Septemba 2014 akiwa waziri mkuu, alikuwa katika mfungo wa siku tisa wa Navratri, na katika chakula cha jioni alichoandaliwa Ikulu ya Washington yeye alikunywa maji tu. Akina mama nao hufungia watoto: siku nne baada ya Karva Chauth huja Ahoi Ashtami, ambapo wengi hungoja nyota badala ya mwezi.

Kuhusu afya, desturi yenyewe ina mlango. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa kisukari au wa figo, huruhusiwa maji, maziwa na matunda, na wazee wengi wa familia watamhimiza hivyo kabla daktari hajasema. Tatizo huja pale mkwe mpya anapoona aibu kuutumia mlango huo mbele ya mawifi waliokauka midomo.

Na kuna mlango mwingine ambao tamthilia hazijawahi kuuonyesha. Wengi hudhani mwanamke akianza hawezi kuacha hadi kufa. Nadhiri hizi zina hitimisho, liitwalo udyapan. Kwa Karva Chauth wengi huhesabu miaka 12 au 16, kisha mwanamke hualika wake wenzake, kwa kawaida 13, akawalisha, akawapa kila mmoja zawadi ya bangili na vitu vya mapambo, akamkabidhi mama mkwe sari. Baada ya siku hiyo nadhiri imetimia. Anayetaka huendelea kama alivyozoea, na anayetaka hufunga kwa chai na matunda. Wasichana wa Jaya Parvati nao hufanya vivyo hivyo wakimaliza miaka waliyojiwekea: hula chumvi, na sinia hupelekwa kwa shoga zao waliokesha nao.